Maji ya Injini

Harufu ya spiriti ndiyo iliyonirudisha huko. Tulikuwa kliniki hapa Voi, mimi, Baba na Mama, na muuguzi alikuwa amempangusa Baba mkono kwa pamba kabla ya kumtoa damu. Harufu ikapanda, kali na baridi, yenye utamu wa mbali kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Baba akafumba macho, akavuta pumzi, kisha akaniinamia sikioni.

"Wakio," akanong'ona, "injini."

Muuguzi alimtazama kwa huruma, nadhani aliona mzee ameanza kuchanganyikiwa. Mimi nilicheka peke yangu. Nilijua anachosema, na nilijua kwamba pua yake na yangu zilikuwa zimefika mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Baadaye tukaingia kwa daktari, kijana aliyenizidi miaka michache, mwenye sauti ya upole. Akamwomba Baba anyooshe mikono mbele. Mikono ikatetemeka, kama kawaida yake. "Mzee, hii ilianza lini?" akauliza.

"Mwaka juzi," Baba akajibu upesi mno.

Nikatazama sakafu. Nilijua si mwaka juzi. Nilijua kwa sababu nilikuwepo siku ilipoanza, au hivyo ndivyo nilivyoamini, na nililibeba jambo hilo peke yangu tangu nikiwa darasa la tano. Kabla sijawaeleza alichosema Mama, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha na mkoba wake mapajani, niwape kwanza habari ya injini.

Tulikaa Voi upande ambao vumbi la reli mpya, wakati huo ikiwa bado inajengwa, liliingia hata ndani ya kopo la chumvi. Baba alikuwa fundi wa mota za umeme. Watu walimletea mota za pampu za visima na za mashine za kusaga unga, zimeungua na kunuka, naye akazifungua, akatoa waya zilizoungua na kuzifunga upya kwa waya mpya wa shaba, mzunguko baada ya mzunguko. Hiyo ilikuwa kazi ya kutwa, nje, chini ya mabati. Jioni aliingia ndani, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaanza kazi nyingine ya mota ndogo.

Baba alikusanya mota kuukuu ndogo ndogo, na injini za mvuke za kuchezea. Sijui niwaelezeje ili msimwone kichaa. Alikuwa na mota iliyoingia ndani ya kiganja cha mtoto, yenye sumaku iliyopindwa kama kiatu cha farasi, na waya wake haukupakwa rangi kama waya wa siku hizi bali ulifungwa kwa uzi wa kijani, uzi mwembamba kama wa cherehani. Alikuwa na mota za vinanda vya santuri, za feni za mezani za zamani, na moja nyeusi nzito isiyozidi kiberiti, ambayo hatukuwahi kujua ilitoka kwenye kitu gani. Zote zilizunguka. Isiyozunguka alikaa nayo hadi izunguke.

Nyingi zilitoka kwa Mzee Bakari, muuza vyuma chakavu karibu na soko, mtu wa asili ya pwani aliyevaa kofia safi katikati ya uchafu wote ule. Alikuwa akimwekea Baba vitu chini ya meza.

"Fundi, nimekuwekea kitu chako," alimwambia. "Mwenyewe hakijui ni nini. Mie pia sikijui. Lakini nilipokiona tu nikasema, hiki kina uso wa yule bwana."

"Kina uso wangu?"

"Kidogo, kizee, na hakina faida kwa mtu."

Baba alicheka hadi akashika ukuta.

Injini za mvuke zilikuwa tatu. Moja haikuwa na gurudumu, nyingine pipa lake lilikuwa limetoboka. Ya tatu ndiyo iliyokuwa malkia. Ilitoka kwenye nyumba ya zamani ya shamba la mkonge, ilipovunjwa na vitu vyake kuuzwa kwa mafungu. Pipa lake la shaba lilikuwa na urefu wa sabuni ya kipande, bomba la moshi la bati, gurudumu jekundu, filimbi, na juu ya pipa kifuniko kidogo chenye springi, kilichoinuka chenyewe na kuachia mvuke ukizidi. Hicho Baba alikiita pua. "Pua ikipumua, tulia," aliniambia. "Pua ikinyamaza na moto unawaka, hapo uogope." Chini ya pipa kulikuwa na nafasi ya taa ya spiriti. Unajaza maji, unawasha taa, unasubiri, na baada ya muda gurudumu linaanza kuzunguka, na chumba kizima kinanukia spiriti na mafuta ya cherehani. Mafuta yalikuwa ya Mama. Mama alikuwa mshonaji, na Baba aliyaiba waziwazi.

Vitu hivi vyote vilikaa ndani ya kabati la vioo sebuleni. Mama alikuwa amelinunua kabati hilo kwa ajili ya vikombe alivyopewa siku ya harusi, vyeupe, vyembamba, vyenye mstari wa dhahabu mdomoni. Vikombe vikaishia kwenye katoni chini ya kitanda. Wageni wakiingia walitazama kabatini, wakatafuta neno la adabu.

"Mama Wakio, hivi ni vya kupikia?"

"Muulize mwenye nyumba," Mama alijibu. "Mimi ni mpangaji tu."

Kulikuwa na sheria moja kuhusu malkia. Hakunywa maji ya Voi. Maji yetu yana chumvi, kila anayeishi hapa anajua. Birika likichemshiwa kwa wiki chache tu linajenga ukoko mweupe ndani, mgumu kama ganda la yai. Ukoko huo ndani ya mirija myembamba kama utambi ungeiua injini. Kwa hiyo kila tulipokwenda nyumbani Wusi, juu milimani, Baba alirudi na chupa ya maji ya huko, maji matamu yasiyoacha alama. Chupa ilikaa kabatini kando ya malkia. Mwaka ninaousimulia, kibandiko chake nilikiandika mimi, kwa herufi kubwa: MAJI YA INJINI. Baba ndiye aliyeniomba. "Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu," alisema, nami nikajiona nimepewa cheo.

Niwaambie pia nilikuwa mtoto wa namna gani, maana bila hilo hamtanielewa. Nilikuwa mtoto wa kurudia. Nikikosea herufi moja, nilichana ukurasa na kuanza upya, hadi daftari likabaki jembamba kuliko la wenzangu. Nilifunga komeo la mlango, nikaenda kulala, nikarudi kulishika kuona kama kweli limefungwa. Tumbo liliniuma kabla ya mtihani, na baada ya mtihani, na siku ya matokeo hata nikiwa wa kwanza. Mama aliniita "mzee wa kanisa" kwa jinsi nilivyokunja uso. Baba peke yake ndiye aliyejua kunituliza. Nilipokazana na skrubu ndogo hadi jasho likanitoka, aliniambia, "Taratibu, haina miguu." Yaani haitakimbia. Nilipenda sana neno hilo. Duniani kulikuwa na vitu vingi ambavyo nilihisi vitanikimbia.

Siku moja baada ya shule, Baba hakuwa na kazi ya pampu, nami nilikuwa nimeketi kando yake mezani. Alikuwa anafungua ile mota yenye uzi wa kijani. Nikasikia mlio mdogo: bisibisi ikigonga shaba, tik-tik-tik-tik, haraka, kama jino la mtu mwenye baridi. Nikatazama bisibisi. Kisha nikatazama mkono.

Baba aliona kwamba nimeona. Akaweka bisibisi chini, akaufunika mkono wa kulia kwa wa kushoto.

"Ni baridi," akasema.

Voi, mchana, chini ya mabati. Mbuzi wa jirani walikuwa wamelala kivulini wakitoa ndimi. Hakuna aliyewahi kusikia baridi Voi saa hiyo tangu dunia iumbwe, nami nikaitikia kwa kichwa kama vile nami naisikia.

"Usimwambie Mama," akaongeza. "Ana mengi."

Tangu siku hiyo nikawa mikono yake. Hakusema hivyo. Alisema, "Una vidole vizuri, njoo uniwekee hiki," na, "Macho yangu yamechoka, nifungie hapo." Kila Jumamosi, Mama akiwa kwenye cherehani yake barazani mjini, tulimwasha malkia. Yeye alielekeza, mimi nikatenda: maji kwa kijiko, mafuta tone moja kila ungio, spiriti hadi kwenye mstari, kiberiti. Tuliwasha mara nyingi kuliko mwaka mwingine wowote. Nilidhani ni furaha yake tu. Mimi sikuwa na furaha. Niliwaza: nikimwaga tone moja, atalazimika kushika mwenyewe, na akishika mwenyewe, nitasikia tena ule mlio.

Na hapo ndipo hofu ya pili ilipoungana na ya kwanza.

Mama yangu alijulikana kwa kujaza chai. Kwake kikombe kisichofurika hadi kwenye kisahani kilikuwa ni kumtukana mgeni. Lakini niligundua kwamba Baba hakujaziwa. Alimiminiwa nusu. Tena si kwenye kikombe cha kawaida bali kwenye kikombe cha bati chenye mkono mpana, ambacho Mama alikinunua sokoni na kumwekea bila maelezo. Sisi wengine tulifurika. Baba akapata nusu, akamaliza, akaongezewa nusu nyingine. Na lile suala la kabati, ambalo Mama alikuwa akilitaja kila Jumapili kama tangazo la kanisani, akaacha kulitaja kabisa.

Nilikuwa na rafiki shuleni ambaye wazazi wake walikuwa wametengana. Aliniambia ilianza kwa vitu vidogo. Hawakupigana, alisema, waliacha tu kusemezana habari za vyombo. Nikaenda nyumbani nikahesabu vyombo. Nikajumlisha nusu ya chai, kikombe cha bati na ukimya kuhusu kabati, nikapata jibu langu: Mama amechoka na Baba na mota zake, na anaondoka.

Nikamfuata jikoni akichambua mchicha.

"Mama, umemkasirikia Baba?"

"Kwa nini nimkasirikie?"

"Chai yake."

Hakuinua macho. "Ataongezewa," akasema, akaendelea kuvunja mabua.

Nilikwenda nikalifuta kabati lote, kila kioo, nikazipanga mota zibanane upande mmoja ili rafu ya chini ibaki wazi kwa ajili ya vikombe. Mama aliiona rafu ile tupu, akanishika kichwa, akaenda zake. Vikombe havikutoka kwenye katoni. Nikalala nikiwa na uhakika kwamba mambo yamefika pabaya.

Krismasi tulipanda Wusi, kwa nyanya yangu, mama yake Baba. Kila mwaka, baada ya kula, Baba alimwasha malkia juu ya meza ya Nyanya mbele ya ukoo mzima. Ilikuwa desturi yetu, sawa na kimanga, chakula chetu cha kupondwa, na chapati. Watoto walisukumana, wazee wakajifanya hawatazami, na filimbi ilipolia kila mtu alipiga makofi kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mwaka huo niliiogopa siku hiyo kuliko mtihani. Nilijua Wusi mkono unaotetemeka una sababu moja tu: mbangara, pombe yetu ya kienyeji. Kulikuwa na jirani mmoja huko ambaye mikono yake ilitikisika, na watu kanisani waliacha nafasi pande zake zote mbili. Baba yangu hakuwa akinywa. Lakini nani angeuliza? Habari ingeshuka mlima kabla yetu, ifike Mwatate, ifike Voi, na ni nani atakayempelekea mota ya kisima fundi anayesemwa kuwa mlevi?

"Mwaka huu utawasha wewe," Baba aliniambia kabla hatujasafiri. "Nitasema umekua."

Nikafanya mazoezi hadi nikawa naota hatua zake. Maji, mafuta, spiriti, kiberiti, subiri, pua, gurudumu, filimbi. Nilizikariri kama sala.

Siku yenyewe ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mgomba wa mlangoni. Ndani palijaa makoti, moshi wa mikaratusi na harufu ya mafuta ya kuku. Nilitoa chupa ya MAJI YA INJINI kwenye begi. Ningeweza kuchota maji papo hapo, tulikuwa Wusi kwenyewe, lakini mazoezi yangu yalikuwa ya chupa, nami sikuwa mtoto wa kubadilisha mambo dakika ya mwisho.

Kaka yake Baba, Baba Mkubwa Mwadime, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya gwaride, alisogea mbele.

"Aa, Fundi! Siku hizi una msaidizi? Umekuwa bosi, mikono mfukoni!"

"Amekua," Baba akasema. Mikono ilikuwa mfukoni kweli.

"Haya, dereva, tupeleke Mombasa."

Nikajaza maji. Sikumwaga. Nikatia mafuta, spiriti, nikawasha. Mwali wa moto wa bluu ukasimama chini ya pipa. Nikasubiri. Maji yakaanza kunong'ona ndani ya shaba. Gurudumu likatikisika, likazunguka kidogo kwa uvivu, likasimama.

"Imekufa!" binamu mmoja akapaza sauti.

"Haijafa," Baba Mkubwa akasema. "Hii ni reli, lazima ichelewe."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nasubiri pua. Hatua iliyofuata ilikuwa pua. Ilipaswa kufanya sss, na haikufanya sss. Maji yalinong'ona kwa nguvu zaidi, pipa likaanza kutetemeka juu ya meza, na pua imenyamaza. Nikamtazama Baba. Alikuwa hacheki. Alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza, kama anavyosikiliza mota iliyo karibu kuungua.

"Wakio," akasema taratibu. "Toa moto."

Nilisikia. Nilielewa. Lakini "toa moto" haikuwa kwenye sala yangu. Nilikuwa nimejizoeza namna ya kila kitu kwenda sawa, na vidole vyangu vizuri vilikaa tu mezani, vimekufa ganzi.

Basi Baba akatoa mkono mfukoni.

Alinyoosha, akaishika taa, akaivuta. Taa ikagonga miguu ya injini, tik-tik-tik-tik, na chumba kizima kikausikia mlio ule niliodhani ni wangu peke yangu. Spiriti ikaruka. Mwali mwembamba wa bluu, usioonekana vizuri, ukatambaa kwenye kitambaa cha meza cha Nyanya kuelekea upande wangu.

Mama ndiye aliyeuzima. Sikumwona akija. Alikuwa na taulo bichi la kushikia sufuria, akalilaza juu ya moto kama mtu anayemfunika mtoto, akalikandamiza kwa viganja, na taa nayo akaizima. "Watoto, nje!" Baba akasema, nao wakatoka mbio. Pipa likatetemeka kidogo zaidi, kisha pua ikatema tone moja la maji meupe, ikaguna, na injini ikaanza kupoa.

Wote walikuwa wakitazama mkono wa Baba. Ulikuwa bado hewani, umeishika taa iliyozimika, na ulikuwa ukitikisika mchana kweupe mbele ya mama yake.

"Mdogo wangu," Baba Mkubwa akasema, bila gwaride. "Huo mkono..."

"Ni mimi," Mama akasema. "Nimempiga kikumbo nikipita na sinia."

Baba Mkubwa akamtazama Mama. Akautazama mkono. Sinia ilikuwa kwenye meza nyingine upande wa pili wa chumba, ina chapati zilizobaki, na hakuna mkono uliokuwa umeigusa tangu tumalize kula.

"Basi Mama Wakio," akasema hatimaye, "punguza mbio. Hii si barabara ya Mombasa."

Mtu akacheka, kisha mwingine. Nyanya akasema kitambaa chenyewe kilikuwa kikuukuu, aletewe chai. Chai ikaja. Mama akamimina. Ya Baba nusu.

Mimi nilimshukuru Mungu kwa kosa la Mama. Nawaambia kweli, niliamini kwamba Mama alifikiri amemgonga. Nikaona tumenusurika kwa bahati, kwa sababu Mama hakuangalia vizuri alipopita. Nikaapa moyoni kutomwambia ukweli, ili aendelee kukosea hivyo hivyo.

Tuliporudi Voi, Baba aliniambia nifungue pua. Nikaifungua. Ndani palikuwa pameziba kwa ukoko mweupe. Baba akautazama kwenye mwanga.

"Hii ni Voi," akasema. "Hii si Wusi." Akaichukua ile chupa, akaonja. Uso wake ukabadilika. "Mama Wakio! Njoo uonje haya maji!"

Mama alisimama mlangoni na tepu ya kupimia shingoni. Hakuonja. Akaanza kutazama dari.

"Wale akina mama wa kanisa walipokuja," akasema, "mwezi ule. Mnajua chai ya maji ya Voi ilivyo. Nikaona chupa pale imekaa tu."

"Ukawapikia chai maji ya injini?"

"Nikaijaza tena! Kwa bomba. Ningeiacha tupu?"

Miezi yote ile tuliyofanya mazoezi, Jumamosi baada ya Jumamosi, tulikuwa tukimnywesha malkia chumvi. Baba akakaa chini. Nikaogopa. Nikadhani hapa ndipo inapoishia, katoni inatoka chini ya kitanda na Mama anatoka nayo.

"Na chai," Baba akauliza, "waliisifu?"

"Waliomba nyingine."

Baba akacheka hadi machozi yakamtoka, na Mama naye, ameegemea mlango, huku mimi nikiwatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeingia kwenye mkutano ukiwa katikati. Tukailoweka pua kwenye maji ya ndimu, ukoko ukalainika na kutoka kwa mabonge, na malkia akazunguka tena.

Krismasi iliyofuata, Baba Mkubwa alikuwa amekwisha kuniwekea kiti mbele ya injini kabla Baba hajasema lolote. "Dereva wetu ni huyu," akatangaza. Wala sikujiuliza kwa nini.

Miaka ikapita. Mota za pampu nazo zikaja mikononi mwangu, moja moja, bila kutangazwa. Sikwenda chuo. Nilichojua kilitoka kinywani mwa Baba, na yale ambayo hakuyajua niliyatafuta mwenyewe kwenye simu, nikikosea na kurudia. Bado ni mtu wa kurudia. Mota nikiifunga na mzunguko mmoja ukapanda juu ya mwenzake, naitoa yote naanza upya, na Baba, kwenye kiti chake kando yangu, husema haina miguu.

Sasa turudi kwa daktari. Baba alikuwa amesema mwaka juzi. Daktari alikuwa akiandika. Nilijua daktari akiandika uongo atatibu uongo.

"Samahani," nikasema. "Si mwaka juzi. Ni tangu nikiwa darasa la tano. Niliona mimi."

Baba akanigeukia polepole. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyevuliwa koti ghafla.

Kutoka dirishani Mama akasema, "La nne."

Tukamtazama wote, hata daktari.

"Wakio alikuwa la nne," akasema, akifungua na kufunga kifungo cha mkoba wake. "Ndipo nilipoanza kumwekea chai nusu. Alikuwa anajimwagia, halafu anasema ni kikombe. Nikabadilisha kikombe. Nikaona si kikombe." Akaufunga mkoba. "Alitaka nisijue. Nami nikawa sijui."

Kalamu ya daktari ilikuwa imesimama. Nilikuwa nikiwaza rafu ile tupu niliyoifuta, na vile vikombe vyembamba vyenye mkono usiopitisha hata vidole viwili, na mwanamke aliyeacha kuvitaja ili mumewe asije siku moja akapewa kimoja mbele ya wageni. Niliwaza sinia iliyokuwa mezani upande wa pili wa chumba. Mimi nilikuwa nimeitazama nyumba nzima kwa macho ya mtu anayetafuta kosa. Niliona kila kitu kilichopungua na kukiandika kwenye hesabu ya kuachana, na kumbe kupunguza kwenyewe ndiko kulikokuwa kumshika mtu asianguke.

Baba aliiacha mikono yake mapajani, haijafichwa.

"Mimi," akasema, "nilidhani unabana majani ya chai."

"Majani!" Mama akasema. "Miaka yote hiyo!"

Daktari alilazimika kutoka nje kidogo, akasema anakwenda kutafuta faili.

Siku hizi ni mimi ninayemimina chai nyumbani. Namimina vyote nusu, cha Baba, changu, na cha Mama pia, ili mezani pasiwe na kikombe kinachotofautiana na vingine. Mama hakubaliani na jambo hili. Hukitazama kikombe chake, hunitazama mimi, huuliza mtoto huyu amejifunza wapi uchoyo.

"Utaongezewa," namwambia.